Kanyagio la Tatu

Tangu nirudi Gitega, kila anayenipigia simu ananiuliza jambo moja: ni kweli mlibeba cherehani mpaka Muyinga, mkairudisha ikiwa haishoni? Nimejibu mara nyingi kwa mdomo, na kila nilipojibu hadithi ilinirudia imenenepa. Juzi niliambiwa kwamba cherehani hiyo ilikuwa inaimba yenyewe. Kwa hiyo naandika mara moja, kwa mpangilio, na anayetaka kuongeza aongeze pembeni mwa karatasi.

Haikuwa cherehani. Lilikuwa gitaa.

Bukirasazi: ghala la kanisa

Gitaa lenyewe si la kupakata. Linasimama kwa miguu minne kama meza nyembamba, nyuzi kumi zimelala juu yake, na mpigaji anaketi nyuma. Mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, wa kulia unadonoa. Chini kuna makanyagio matatu. Ukikanyaga, fito nyembamba za chuma huvuta baadhi ya nyuzi, na sauti inapanda bila kukatika, kama mtu aliyetaka kulia akajizuia. Ukiachia, inarudi ilikotoka.

Mmisionari mmoja mwanamke alilileta Bukirasazi zamani, akalipiga ibadani, na siku ya kuondoka akaliacha. Kabla ya hapo alikuwa amemfundisha msichana aliyemfulia nguo. Msichana huyo ni Mama Esteri, ambaye leo ana wajukuu. Vita vilipokuja alikimbilia Tanzania, na gitaa likapandishwa darini mwa ghala la kanisa. Kule Kasulu, kambini, alichora mistari kumi kwa mkaa juu ya ubao wa kitanda, akapanga mawe matatu chini, akaendelea na mazoezi. Mumewe, ambaye sasa ni marehemu, aliwaambia majirani kwamba mke wake anapiga pasi.

Aliporudi nyumbani alilikuta. Miaka yote hiyo akina mama wa usafi walikuwa wakilishusha kila inapokaribia Krismasi na kulipaka mawese, kwa sababu chuma kisichopakwa mafuta huliwa na kutu. Kutu haikuwapo. Yalikuwapo mawese, tabaka juu ya tabaka, yameganda mpaka makanyagio hayakushuka hata ukiyasimamia. Mimi ni fundi wa redio, na kabla ya hapo nilikuwa mwandishi wa redio. Waliniita kwa sababu lina waya. Nilikaa siku nne nikilisugua kwa mafuta ya taa na mswaki. Niliunganisha waya, nikafunga nyuzi mpya zilizotoka Bujumbura. Fito mbili zilikuwa zimepotea. Niliweka spoku za baiskeli, ambazo kichwa chake kinazungushwa ukitaka kukaza au kulegeza, na zikafaa kuliko nilivyotarajia.

Likaanza kulia. Ila springi za chini zilikuwa zimechoka. Uzi uliovutwa haukurudi mahali pake, ulibaki juu kidogo, na kufika ubeti wa nne mpigaji alikuwa katika wimbo mwingine.

Tatizo la pili lilikuwa ghala. Mzee Barnabasi, mwenyekiti wa baraza la kanisa, alilihitaji kwa mbegu za mahindi. Baraza lilikuwa limeamua kwamba kisichotumika kitoke. Gitaa lile lina alumini nyingi, na Mzee Barnabasi alikuwa amekwisha kumwita mfua sufuria kutoka Gitega aje na mizani yake Jumapili baada ya ibada.

"Mzee, hicho ni chombo cha ibada," nilimwambia.

"Kimeongoza ibada gani tangu turudi?"

Mama Esteri alikuwa mlangoni. "Nipe mpaka Jumapili," alisema.

"Jumapili mfua sufuria anakuja."

"Atakuta linalia."

"Likilia linavyopaswa, litabaki. Lisipolia, litapikia maharage." Alisema bila ubaya. Mzee Barnabasi ni mtu wa haki, na siku hiyo alikuwa akifikiria mahindi.

Ilikuwa Jumanne. Mafundi cherehani wa Gitega nilikuwa nimewauliza wote kuhusu springi, na wote walinitajia mtu mmoja: Baba Zuhura wa Muyinga, katika mtaa wa Waswahili. Walisema anafufua cherehani ambazo wenyewe wamekwisha kuziombolezea.

Sanduku la gitaa lilikuwapo, lakini kuku wa mlinzi wa kanisa alikuwa akiatamia ndani yake, na mlinzi alituomba tumsubiri siku kumi na moja. Tulilifunga gitaa kwa blanketi mbili. Makanyagio yalitokeza nje. Hapo ndipo uvumi wa cherehani ulipoanza.

Gitega: foleni ya mafuta

Tulifika Gitega kwa baiskeli ya mizigo, maana yake baiskeli ilibeba gitaa na sisi tuliisukuma. Jumatano asubuhi nilimpata Dezire, dereva mwenye gari dogo lililokubali kwenda Muyinga. Gari lilikuwa kwenye foleni ya mafuta.

"Mi iko hapa tangu Lundi, tangu Jumatatu," alisema. "Mafuta ikikuja, tunaenda. Isipokuja, tunaongea." Alizunguka blanketi zetu mara mbili. "Bon. Hii cherehani iko ya wapi?"

"Ni gitaa."

"Gitaa iko na miguu?"

"Minne."

"Fundi, we usinicheze asubuhi hivi."

Mwanamume wa gari la nyuma alishuka akatazama makanyagio. Akarudi garini kwake, akaja na suruali. Pindo lilikuwa limefumuka. Hakuniangalia mimi, alimpa Mama Esteri.

Nilianza kueleza. Mama Esteri alikuwa amekwisha kutoa sindano kwenye kitambaa cha kichwani. "Uzi mweusi sina," alimwambia yule mtu. "Nina wa kahawia."

"Kahawia iko sawa, Mama."

"Kwa nini hutumii mashine?" aliuliza mwingine.

"Imechoka," alisema Mama Esteri.

Kufika saa sita alikuwa ameshona mapindo matatu na kifuko cha koti. Alilipwa parachichi, maneno mazuri, na maembe mawili ambayo Dezire aliyahifadhi tumboni. Saa saba lori la mafuta lilifika, na mbele yetu kulikuwa na magari kama ishirini. Hapo wenye suruali waliongea kati yao kwa Kirundi, haraka na kwa kunong'ona, nikashika nusu. Kisha yule wa kwanza akamwambia Dezire apite mbele.

"Mama ametushonea," alisema. "Asilale hapa."

Foleni ile iligombana kwa kila jambo tangu asubuhi, hata kwa kivuli. Kwa hili haikugombana. Dezire alijaza tangi, na tulipotoka mjini aliniambia kwamba siku nyingine nikiwa na cherehani nimpigie yeye kwanza.

Karuzi: maharage na ubao

Kabla ya Karuzi kulikuwa na kizuizi. Askari aliuliza ni nini hicho nyuma. Kabla sijafungua mdomo Dezire alisema cherehani, na askari akainua kamba.

"Kwa nini umedanganya?" nilimuuliza.

"Gitaa inataka maelezo. Cherehani haitaki."

Tulikula Karuzi, maharage na ndizi na ndagala, yaani dagaa, zilizokaangwa mpaka zikasahau ziwa. Dezire alikula sahani mbili. Mama Esteri aliila yake nusu, akaweka mikono mezani, akawa anatelezesha kijiko polepole ukingoni mwa meza, mguu wake wa kushoto ukipanda na kushuka chini. Mwenye hoteli alidhani anataka chumvi, akaleta.

"Una wasiwasi, Mama?" nilimuuliza.

"Yusto mwanangu, ule ubao wa Kasulu haukuwahi kulia. Miaka yote. Sijui kama nilikuwa nakosea." Alichukua chumvi, kwa kuwa ilikuwa imeletwa. "Wiki iliyopita ulipounganisha waya nilisikia ubeti mmoja tu ulio sawa, kabla nyuzi hazijapotea. Ubeti mmoja nilikuwa sikosei. Nataka nijue na zile tatu zilizobaki."

Dezire aliacha kutafuna. Kisha akauliza kama hiyo ndizi yake ataimaliza.

Muyinga: mashine ya Baba Zuhura

Baba Zuhura ana karakana mbele ya nyumba, cherehani kumi hivi zimepangwa kama wagonjwa, na ya kwake mwenyewe, ya kukanyaga kwa miguu, ipo katikati. Ni mtu mwembamba wa umri wa kati, kofia safi, mikono myeusi kwa grisi. Tulimkuta Alhamisi asubuhi. Alilala chali chini ya gitaa kwa muda mrefu. Alipotoka, alikuwa na sura ya mtu aliyeletewa keki.

"Hii alitengeneza mtu anajua kazi," alisema. "Kanyagio, fito, mkono, springi. Iko cherehani ambayo haina sindano. Shida yake nini?"

Mama Esteri alimweleza. "Nikikanyaga, nyuzi zinakwenda. Nikiachia hazitulii. Zinabaki zimepotea."

"Nyuzi hazitulii. Hiyo najua." Alitufungulia mlango wa kutokea. "Rudini kesho. Mi sitengenezi mbele ya mwenye mashine. Mgonjwa hapasuliwi mbele ya mama yake."

Nilitaka kubaki. Nilimwambia kwamba mwandishi wa redio amezoea kubaki, ndiyo kazi iliyonilea. Mkewe, Mama Zuhura, alitushika mikono akatupeleka uani, akatulisha sambusa na chai ya tangawizi, na kila nilipoinuka aliniongezea kikombe. Mwishoni aliuliza gitaa ni la nani, nikasema la kanisa. Akaweka birika chini. Sauti ya Baba Zuhura ikaja kutoka chini ya gitaa, upande wa pili wa ukuta:

"Cherehani yangu inashona kanzu, inashona na joho ya pasta. Mi nakaza skrubu tu. Mpe mwandishi sambusa."

Ijumaa asubuhi kazi ilikuwa tayari. Niseme wazi: ilikuwa kazi nzuri. Mawese niliyoyaacha kwenye pembe yalikuwa yametoka. Springi zote zilikuwa mpya, na kila mkono wa chini ulikuwa umefungwa kwa skrubu na nati juu ya nati. Niliunganisha spika na betri. Majirani walijaa mlangoni. Mama Esteri aliketi, akavaa kucha zake za chuma za kudonolea nyuzi, akatelezesha kipande cha chuma, na sauti ikatoka tamu, safi, imenyooka. Mtu mmoja nje alisema ehe.

Kisha alikanyaga. Sauti haikupanda. Akakanyaga la pili, na la tatu. Kanyagio lilishuka kidogo likasimama, kama mlango uliofungwa kwa ndani.

"Umeona?" alisema Baba Zuhura. "Ilikuwa inalegea kila ukikanyaga. Sasa hata upande na mguu mbili, uzi hautembei."

Katika kazi yake, uzi ukibadilika mkazo wakati mguu unakanyaga, mshono umeharibika, mteja anarudi na nguo mkononi. Alikuwa ameona ugonjwa ule ule, akautibu mpaka mwisho. Siku nzima na taa ya jioni. Majirani walikuwa wakimpongeza. Hakuna aliyesikia kilichokosekana isipokuwa mtu mmoja.

"Imekufa," alisema Mama Esteri.

"Imekufa vipi, Mama, na inalia?"

"Ndiyo. Inalia vizuri, na imekufa."

Nilijaribu kueleza kwa maneno ya redio. Baba Zuhura alinisikiliza kwa adabu na hakuamini hata neno. Alisema hakuna mashine duniani inayotengenezwa makusudi ili nyuzi zake zitembee, na kama yule mmisionari aliinunua hivyo, alidanganywa dukani. Alikuwa ameanza kuudhika, na ilikuwa imebaki saa moja kabla ya swala ya Ijumaa.

Mama Esteri aliinuka. Alikwenda kwenye cherehani ya Baba Zuhura mwenyewe, akaketi, akavua kandambili, akaweka mguu juu ya kanyagio lake. Hakuomba ruhusa. Kisha akaimba.

Aliimba mstari mmoja wa wimbo wa kanisani, polepole. Pale sauti inapopaswa kupanda alikanyaga, na sauti ikapanda pamoja na mguu, bila kukatika. Akainua mguu, sauti ikashuka ikatulia palepale ilipoanzia. Akarudia. Gurudumu la cherehani lilizunguka mbele na nyuma, mbele na nyuma, na sindano ikatoboa hewa.

Baba Zuhura alitazama mguu, hakutazama mdomo.

"Donc, kumbe uzi unatakiwa kutembea," alisema.

"Utembee. Halafu urudi nyumbani."

"Palepale?"

"Palepale."

Alilitazama gitaa, zile nati juu ya nati. "Mama, kutembea iko rahisi. Kurudi ndio kazi." Akavua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena. "Jana ungekaa kuimba, sijui ungepungukiwa nini."

"Jana ulitufungulia mlango."

Mama Zuhura alicheka uani. Baba Zuhura alisema anakwenda kuswali.

Alirudi, na safari hii hakutufukuza. Alifungua alichofunga. Alimfanya Mama Esteri akanyage na kuimba, akanyage na kuimba, yeye akiwa chali chini na bisibisi, akisikiliza chuma na sauti vikutane. Alizibadilisha springi zake mpya kwa zile zinazorudisha chini mguu wa cherehani, ule unaobana kitambaa, kwa sababu, alisema, kazi ya springi hiyo maishani ni kurudi. Kanyagio la kwanza lilikubali kabla ya Alasiri. La pili lilikubali baada ya pilau.

La tatu halikukubali. Jana yake alikuwa ametoboa chuma na kukipigilia pini, na pini ile haikutoka kwa nyundo wala kwa mafuta. Ili kuitoa ilibidi ikatwe, na aliogopa kukata pamoja na kisichopaswa kukatwa. Jua lilikuwa limeshuka.

"La tatu nililipenda zaidi," alisema. Hiyo ndiyo radhi aliyoomba, na tuliipokea.

Kurudi: Jumapili

Jumamosi ilikuwa ya mvua, na gari la Dezire lilisimama mara mbili kwa sababu zake lenyewe. Kizuizini askari yuleyule aliuliza kama cherehani imepona. Dezire alimwambia imepona theluthi mbili. Tuliingia Bukirasazi Jumapili, baiskeli mbele, kengele ya kanisa ikilia.

Mfua sufuria alikuwa amefika kabla yetu. Alikuwa amesimama mlangoni mwa kanisa na gunia na mizani, kofia mkononi, kwa heshima. Mzee Barnabasi alitusalimia, akatazama saa.

Nilifunga miguu minne, nikaunganisha betri, nikasogea nyuma. Mama Esteri aliketi, akavua kandambili kama kule Muyinga.

Ubeti wa kwanza ulikwenda. Wa pili ulikwenda. Nyuzi zilipanda na kurudi, na kila ziliporudi niliona bega lake likishuka kidogo. Watu walikuwa wameacha kuimba ili wasikie. Katika ubeti wa tatu kuna mahali ambapo wimbo unahitaji kanyagio la tatu. Nilipajua, kwa kuwa Ijumaa nilipasikia mara hamsini. Nilitazama sakafu.

Alilikanyaga. Halikwenda popote. Na palepale, bila kuchelewa, akafungua mdomo akaiimba ile sauti yeye mwenyewe, ikapanda kutoka kwenye nyuzi mpaka kooni mwake na kurudi kwenye nyuzi, na mtu asiyejua angedhani gitaa limetengenezwa hivyo. Katika ubeti wa nne alifanya tena. Safari hii akina mama wa usafi, wale wa mawese, waliipandisha pamoja naye.

Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi, kwa kuwa ilikuwa ibada. Mama Esteri alifuta nyuzi kwa kitenge chake, moja moja, zote kumi.

Mzee Barnabasi alitoka nje kwa mfua sufuria. Mtu aliyeitwa kutoka mbali haondoki kwetu mikono mitupu, hilo lilikuwa wazi kwa wote wawili. Walizungumza kidogo. Kisha Mzee Barnabasi akaenda jikoni kwa kanisa, akarudi na sufuria mbili kubwa zenye viraka, zile za kupikia waumini maharage ya Jumapili, akazitia mwenyewe ndani ya gunia.

Maharage ya siku hiyo yalikuwa bado hayajapikwa. Yalipikwa katika vyungu na visufuria vya watu wa jirani, kumi na vinne nilivyohesabu, kila kimoja kikiiva kwa wakati wake, na tulikula karibu saa kumi. Mzee Barnabasi alikuja kukaa karibu na Mama Esteri akiwa na sahani yake. Alikula kwa muda.

"Hiyo sauti ya kanyagio la tatu," alisema, "siku ukiugua, nani ataiimba?"

Mama Esteri alitoa jiwe dogo kwenye maharage, akaliweka ukingoni mwa sahani.

"Nitaugua siku za kazi," alisema.